Seli ya tabaka tatu chini ya lenzi: umeme ukipungua, anza kutafuta wapi?

Haya nawaandikia wanafunzi na mafundi wa Unguja na Pemba waliojenga, au wanaojenga, kitengo kidogo cha sola ya kukusanya mwanga: lenzi moja bapa yenye mifereji, seli ndogo ya tabaka tatu chini yake, na stendi inayofuata jua. Seli zenyewe hatuzitengenezi hapa. Tabaka zake hukuzwa nje ya nchi, kwa gesi, ndani ya matanuri maalumu, na unene wa zile za juu ni mikroni chache tu. Kazi yetu ni kuifanya seli itoe ilichoahidi chini ya jua letu na hewa yetu ya bahari, na kazi hiyo ni ngumu kuliko inavyodhaniwa.

Nachukulia lenzi ya akriliki ya sentimita 22 kila upande, na seli ya sentimita 1 kwa 1. Eneo la lenzi ni mara 484 ya eneo la seli. Tabaka la juu ni fosfidi ya galiamu na indiamu, linalochukua mwanga wa buluu hadi mwekundu. La kati ni asenidi ya galiamu, linalochukua wekundu wa mwisho na infraredi ya karibu. La chini ni jemaniamu, linalookota infraredi iliyobaki. Tabaka zote zimeungwa kwa mfuatano, mithili ya watu watatu wanaopokezana ndoo kutoka kisimani: aliye mzito kati yao ndiye anayeamua ndoo ngapi zifike. Tabaka lenye mkondo mdogo kuliko yote ndilo linaloamua mkondo wa seli nzima. Karibu kila dalili hapa chini inaanzia hapo.

Na jambo moja nalisisitiza kabla ya kuendelea: seli iwe ya mwisho kushukiwa. Anza angani, shuka kwenye lenzi, kisha stendi, kisha joto, ndipo uifikie seli. Vijana wengi huanza kwa kubandua seli, na seli iliyobanduliwa hairudi.

Usalama kwanza. Funika lenzi kwa ubao kabla hujapeleka mkono chini yake. Vaa miwani ya kuchomelea unapoitazama nukta ya mwanga. Stendi ikisimama na jua likaendelea kwenda, nukta ile hutembea, nayo huunguza waya, plastiki, hata mbao. Usiweke lenzi iliyo wazi karibu na paa la makuti, hata kwa dakika tano za kwenda kuchukua bisibisi.

Dalili: seli iliandikwa asilimia 40, mimi napata 19

Hili ndilo lalamiko la kwanza la kila mtu, na mara nyingi hakuna kilichoharibika. Hesabu ndiyo iliyogawanywa kwa namba isiyo yake.

Lenzi hukusanya mwanga unaotoka kwenye duara la jua moja kwa moja. Mwanga uliotawanywa na mvuke, vumbi na mawingu mepesi hauwezi kuupeleka kwenye nukta. Mita ya kawaida ya jua, ile inayolazwa bapa, hupima vyote viwili kwa pamoja. Siku ya utando mwepesi, ambazo visiwani kwetu ni nyingi, mita hiyo inaweza kusoma wati 900 kwa mita ya mraba huku mwanga wa moja kwa moja ukiwa 600 tu. Ukigawanya kwa 900, kitengo kizuri cha asilimia 29 kinaonekana cha 19.

Asilimia 29 yenyewe ni matokeo mazuri. Rekodi unazozisikia, kama ile ya taasisi ya Fraunhofer ISE ya Ujerumani mwaka 2022 ya asilimia 47.6 kwa seli ya tabaka nne chini ya mwanga wa jua uliokolezwa mara 665, hupimwa maabara, seli ikiwa katika nyuzi 25, bila hasara ya lenzi. Yako ina lenzi inayopitisha kama asilimia 82 ya mwanga, na seli iliyo moto. Asilimia 40 mara 0.82 ni 33 hata kabla joto halijachukua chake.

Kifaa halisi cha kupimia mwanga wa moja kwa moja ni ghali, lakini unaweza kuunda cha kufanyia kazi. Chukua bomba la plastiki la sentimita 30 lenye kipenyo cha ndani cha sentimita 2.6 hivi, lipake ndani rangi nyeusi isiyong'aa, weka fotodaiodi ndogo (kijenzi kinachotoa mkondo kulingana na mwanga) chini katikati, na lifunge kwenye stendi litazame jua pamoja na lenzi. Kwa vipimo hivyo bomba linaona digrii tano za anga, sawa na vifaa vya kiwandani. Lilinganishe mara moja na kifaa kilichosahihishwa, kisha litumie kila siku. Usipokuwa na namba hii, mengine yote ni kubahatisha.

Ukishakuwa nayo, kipimo cha haraka ni hiki: kwa vipimo nilivyotaja, mkondo wa shoti, yaani ule unaopita nyaya mbili za seli zikigusishwa kupitia mita ya ampea tu, unatakiwa uwe takriban ampea 0.55 kwa kila wati 100 kwa mita ya mraba za mwanga wa moja kwa moja. Wati 700 zikupe karibu ampea 3.9. Ukiwa hapo au karibu, lenzi na stendi ni salama. Nenda kwenye dalili za volti.

Dalili: mkondo unapungua saa fulani za siku

Hapa ndipo pa kukaa, kwa sababu saa inakuambia mengi kuliko mita. Andika mkondo kila robo saa, ugawanye kwa mwanga wa moja kwa moja wa wakati uleule, na uchore. Kisha linganisha asubuhi na jioni.

Mchoro ukishuka pande zote mbili sawasawa, asubuhi na alasiri, ni rangi ya mwanga. Jua likiwa digrii 30 juu ya upeo, mwanga hupita hewa maradufu ya ule wa utosini. Likishuka hadi 15, karibu mara nne. Buluu hutawanyika njiani na tabaka la juu hubaki na njaa, likawazuia wenzake. Hakuna cha kutengeneza.

Ukishuka asubuhi tu, kisha ukapona kufikia saa nne hivi, fungua macho utazame upande wa ndani wa lenzi mapema kabla jua halijakolea. Utaona ukungu wa matone madogo, mara nyingi mzito zaidi kwenye kona moja. Kasha la kitengo linapumua: mchana hewa iliyopashwa hutoka, usiku hewa yenye unyevu huingia, na alfajiri mvuke hugandia kwenye lenzi iliyopoa. Usizibe kila tundu kwa gundi. Kasha lililozibwa kabisa litapasua mshono wake lenyewe kwa msukumo wa hewa. Weka tundu moja lenye kichujio kinachopitisha hewa na kuzuia maji, upande wa chini, na ukague kichujio kila baada ya masika.

Ukishuka upande mmoja bila ukungu, au kilele chako kikihama, basi ni stendi. Jua hutembea digrii moja kila dakika nne, na lenzi ya aina hii isiyo na kioo cha pili juu ya seli huvumilia nusu digrii au pungufu. Dakika mbili za kuchelewa zinatosha kuutoa mwanga nje ya seli. Piga msumari wa milimita 100 wima kwenye ubao uliolala sambamba na lenzi. Stendi ikielekea sawasawa, msumari hauna kivuli. Kosa la digrii moja hukupa kivuli cha milimita 1.7. Isukume stendi kidogo kwa mkono: mkondo ukipanda, umeshapata jibu.

Sasa makosa ya stendi yanayotokea kwetu hasa. Programu nyingi za kufuata jua zimeandikwa na watu wa kaskazini ya dunia, ambako jua la mchana huwa kusini daima. Kwetu sivyo. Kuanzia Machi hadi mwanzoni mwa Oktoba jua la mchana liko kaskazini, na mwezi wa Juni linafika karibu digrii 30 kaskazini ya utosi. Ukiingiza latitudo 6.2 bila alama ya kutoa, stendi itakosea digrii 12 na zaidi, na hutapata kitu kutwa nzima. Kosa la pili ni saa. Saa zetu zinafuata meridiani ya digrii 45 mashariki, nasi tupo karibu 39, kwa hiyo jua linachelewa wastani wa dakika 23 nyuma ya saa ya ukutani. Programu inayodhani jua liko kileleni saa sita kamili itakosea karibu digrii sita.

La tatu ndilo linalowachanganya hata wenye uzoefu: kila kitu kinafanya kazi mwaka mzima, kisha kwa siku chache mkondo unaanguka katikati ya mchana na kurudi baadaye kidogo. Angalia kalenda. Mjini Unguja jua hupita utosini hasa kama tarehe 5 Machi na tarehe 9 Oktoba. Pemba ni siku mbili tatu baadaye mwezi Machi, na siku mbili tatu mapema mwezi Oktoba. Siku hizo stendi ya kuzunguka mlalo na kuinuka wima inatakiwa igeuke karibu nusu duara ndani ya dakika chache, na mota ndogo haiwezi. Mwezi Machi tukio hilo huwa kama saa sita na dakika 35, Oktoba kama saa sita na dakika 10. Mota haijaharibika. Ukijenga stendi mpya, laza mhimili mkuu kaskazini–kusini na uweke mhimili wa pili wa kuinamisha juu yake. Jua letu halitafika kamwe mahali ambapo stendi hiyo inakwama. Kwa nchi iliyo karibu na ikweta kama yetu sioni sababu ya kujenga ile nyingine.

Mkondo unaotetemeka pamoja na upepo wa kusi ni stendi dhaifu tu. Ongeza nguzo za mshazari.

Dalili: mkondo ni mdogo kutwa nzima, na stendi iko sawa

Lenzi ni chafu, au umbali si sahihi.

Uchafu huumiza kitengo hiki kuliko paneli ya kawaida, kwa sababu mwanga uliopindishwa kidogo tu na punje ya chumvi bado huingia kwenye paneli bapa, lakini hapa hukosa seli. Paje, Jambiani, Makunduchi, upande wote wa mashariki, msimu wa kusi huacha utando wa chumvi unaoushika kwa kidole. Pima, osha, pima tena, ukigawanya kila mara kwa mwanga wa moja kwa moja. Osha kwa maji ya mvua. Maji ya visima vyetu yamepita kwenye mwamba wa matumbawe, na yakikauka huacha chokaa ambayo ni shida kuiondoa kuliko chumvi. Usifute akriliki kwa kitambaa kikavu, na spiriti usiisogeze kabisa: akriliki hupasuka nyufa ndogondogo kama nywele.

Kuhusu umbali, funika lenzi ubakishe sehemu ndogo wazi, toa kipokezi (bamba lenye seli na miungo yake), na weka kipande cha kigae cheupe mahali pa seli. Tazama ukingo wa nukta kupitia miwani. Ukingo ukiwa mwekundu, kigae kiko karibu mno na lenzi. Ukiwa wa buluu, kiko mbali mno. Buluu hupinda zaidi ikafika mapema, nyekundu huchelewa. Sogeza mpaka rangi zote mbili zififie kadiri inavyowezekana. Wenye lenzi ya raba ya silikoni juu ya kioo wafanye kazi hii lenzi ikiwa imeshapata joto la mchana, kwa maana fokasi yake, yaani mahali mwanga unapokutana, husogea mbali zaidi inapopashwa.

Dalili: mkondo mzuri, volti ndogo

Seli hii bila lenzi juani hutoa kama volti 2.5. Mwanga ukizidi mara kumi, kila tabaka huongeza karibu milivolti 60, yaani 180 kwa tabaka tatu. Kwa hiyo chini ya lenzi tarajia kama volti 2.9 hadi 3.

Ukisoma nusu volti au pungufu, daiodi ya pembeni, ile inayoungwa sambamba na seli kuilinda, imeungwa kinyume au imekufa. Ichunguze hiyo kabla ya kingine.

Usomaji ukipungua kwa robo volti hivi kuliko ulivyotarajia, na seli ni baridi, tabaka la jemaniamu huenda limepata shoti, kwa kuwa mchango wake ni kama huo. Uvujaji mdogo huonekana zaidi mwanga ukiwa hafifu na hujificha chini ya lenzi, hivyo pima seli kivulini pia.

Kilichobaki ni joto. Juani wati 28 hivi zinatua kwenye sentimita moja ya mraba. Kumi zinatoka kama umeme, kumi na nane zinabaki kama joto, na seli ikiwa haina mzigo zote zinabaki. Volti hushuka kama milivolti 4.5 kwa kila nyuzi moja, kwa hiyo seli yenyewe ni kipimajoto. Ifunike lenzi mpaka vyote vipoe, unga mita ya volti, kisha ondoa ubao kwa ghafla ukiitazama mita. Volti ikidondoka sana ndani ya sekunde moja mbili, joto halivuki kutoka kwenye seli kwenda kwenye bamba lake: risasi ya kulehemu iliyo chini ya seli ina mapovu. Ikishuka taratibu kwa dakika kadhaa, risasi ni nzima ila bamba la kupoozea ni dogo, au limefungwa mahali pasipo upepo. La pili unalirekebisha mwenyewe. La kwanza linataka kipokezi kipya. Kuiyeyusha risasi upya juu ya jiko la fundi ni kuipasua seli.

Dalili: mkondo na volti ni sawa, nguvu ni ndogo

Gawanya nguvu ya juu kabisa kwa zao la mkondo wa shoti na volti ya wazi, yaani volti ya seli isiyo na mzigo. Uwiano huo uwe karibu 0.85. Ukiwa 0.75, kwanza ushuku waya zako. Kwa ampea 3.9, waya wenye omu 0.05 tu unakula volti 0.2. Tumia waya nne, mbili za mkondo na mbili za kusomea volti, zikiungwa kwenye kipokezi chenyewe.

Baada ya hapo chora mkunjo wa mkondo na volti lenzi ikiwa wazi robo, kisha nusu, kisha yote. Uwiano ukishuka polepole kadiri mwanga unavyozidi, ni ukinzani: vidole vya fedha (mistari myembamba inayokusanya mkondo) juu ya seli au miungo yake. Mkunjo ukiwa laini kwenye robo, kisha ukavunjika ghafla kwa kigongo lenzi ikiwa wazi yote, hizo ni daiodi za handaki zinazounganisha tabaka moja na jingine. Zina kiwango cha juu cha mkondo, na zikivukwa hukataa. Lakini subiri kabla ya kuilaumu seli: shusha kipokezi milimita chache nje ya fokasi. Kigongo kikitoweka, wastani wa mwanga ni wa kawaida na katikati ya nukta ndipo panapozidi. Kijiti cha kioo juu ya seli, cha kuutandaza mwanga, kinamaliza tatizo.

Na uangalifu mmoja: uwiano huu ukipanda ghafla, usifurahi upesi. Tabaka zinapokosa kulingana mkondo, uwiano hupanda huku nguvu ikishuka. Usome pamoja na mkondo wa shoti, kamwe si peke yake.

Dalili: nashuku tabaka moja, sijui lipi

Hili linafanyika bila vifaa vya maabara kubwa. Ondoa lenzi, weka seli kwenye mwanga hafifu wa mchana, pima mkondo wa shoti. Mulika taa ya LED ya buluu: mkondo ukipanda, tabaka la juu ndilo lililokuwa likizuia. Mulika LED za infraredi za nanomita 850, zile za kamera za usalama zinazoonea usiku: ukipanda, ni la kati.

Kisha usiku, ndani ya chumba chenye giza, pitisha ampea 0.1 kwenye seli kutoka kwenye chanzo chenye kikomo cha mkondo, chanya kwa chanya. Tabaka la juu litawaka lenyewe, wekundu mzito unaoonekana kwa macho, na vidole vya fedha vikionekana kama mistari myeusi juu yake. Penye doa jeusi pana ufa au kidole kilichoachana. Mkondo ukipita bila wekundu wowote, tabaka la juu lina shoti na seli hiyo imekwisha.

Ukiona kutu ya kijani kwenye shaba ya kipokezi, chumvi imeingia. Kuosha hakusaidii, badilisha kipokezi na mshono wa kasha kwa pamoja.

Wanaofikiria kuhamia tabaka nne

Seli nyingi za tabaka nne zina tabaka la ziada la elektronivolti 1 hivi (kipimo cha nishati ya chini kabisa ya mwanga ambao tabaka linaweza kuuchukua), linalochukua mwanga wa kati ya nanomita 870 na 1,240. Humohumo ndimo mvuke wa maji unamokata mwanga, karibu na nanomita 940 na 1,130. Spektra ya kawaida (mgawanyo wa rangi za mwanga wa jua) inayotumika kusanifu seli inachukulia mvuke wa sentimita 1.42, yaani kina cha maji kama mvuke wote wa angani ungegeuka maji; hewa ya tropiki hubeba karibu mara tatu ya huo. Kwa seli ya tabaka tatu hasara hiyo inaangukia kwenye jemaniamu, ambayo ina mkondo wa akiba. Kwa ya tabaka nne inaweza kuangukia kwenye tabaka lisilo na akiba, na seli nzima ikapungua pasipo kuwa na kosa lolote.

Kwa hiyo kabla ya kuagiza, weka kumbukumbu ya mwaka mzima: mkondo, mwanga wa moja kwa moja, unyevu wa hewa na saa, masika na kaskazi vyote vikiwemo. Msanifu akipata namba hizo anaweza kuongeza unene wa tabaka husika au kuhamisha mpaka wake wa nishati. Asipozipata, atasanifu kwa hewa isiyo yetu.